Kinywa cha Mfalme wa Mwisho

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, ukiacha goti la mama ambalo limeamua kutabiri mvua kila siku na kila siku linakosea. Anakusalimu, na anauliza kama bado unakula vyakula vya makopo. Nimemwambia huna mke wa kukupikia na hutaki kujifunza, akasema hayo anayajua, alitaka tu kukuchokoza. Maji yanatoka siku moja, siku mbili hayatoki. Madirisha yote tumeyabandika utepe yasitumwagikie. Mabomu ya wiki hii yameanguka upande wa kiwanda cha saruji, mbali nasi. Mimi bado niko redioni, bado naandaa vipindi, na mkurugenzi ni yule yule tuliyempachika jina la Dakika Mbili, kwa sababu akikuita ofisini anasema ni dakika mbili tu, halafu unatoka jua limeshazama.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa sita inatimia miaka arobaini tangu dola ya zamani ianguke na Mfalme wa mwisho achukuliwe. Serikali inataka kumbukumbu kubwa, maana vita vinaingia mwaka wa tatu na vijana wanaojiandikisha jeshini wamepungua. Dakika Mbili amegundua kwamba Kinywa cha Mfalme bado yu hai na kwamba ni mjomba wangu. Usiniulize nani alimwambia. Haya, ni mimi, nilijisifu kwenye foleni ya chai. Wenzangu walidhani nawapigia porojo nilipowaeleza kwamba Mfalme hakuwa akisema mwenyewe hadharani, kwamba alimnong'oneza Kinywa na Kinywa ndiye aliyetoa sauti.

Anataka uje studio uyaseme tena maneno yale ya mwisho, aliyoyasema Mfalme kutoka roshani ya jumba lake. Siku ile hakuna aliyerekodi. Watu wanayajua kwa kuyasoma tu: "Simameni darajani hadi mtu wa mwisho." Nilikariri darasani kama watoto wote, na nilijivuna kuliko wote, kwa sababu sauti iliyoyasema ilikuwa yako. Nauli na malazi ni juu ya redio. Utalala kwetu, mama ameshaanza kugombana na wewe kabla hujafika.

Nijibu upesi,
mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, maana posta ya siku hizi hujui barua ipi itafika. Mwambie dada yangu kwamba chakula cha kopo hakinung'uniki mezani, jambo ambalo siwezi kulisema juu yake. Pole kwa goti lake. Langu la kushoto nalo linajaribu kazi hiyo hiyo.

Mimi bado niko kwenye kibanda changu cha stesheni, juu ya jukwaa la pili, pamoja na kipaza sauti kinachokoroma kama mwenye mafua. Asubuhi natangaza treni za abiria, ambazo huchelewa. Mchana natangaza treni za wanajeshi, ambazo hazichelewi kamwe. Mama zao husimama pale chini wakinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeziendesha.

Kuhusu ombi lako, jibu ni hapana. Usinune. Kazi ya Kinywa ilikuwa na masharti yake. Mfalme akinong'ona sentensi, unamrudishia sikioni kwa sauti ya chini. Ikiwa ndivyo alivyotaka, anakugonga begani kwa kidole, nawe unaitoa kwa watu, na unasema "mimi", husemi "yeye". Huongezi, hupunguzi. Na Mfalme akifa, Kinywa kinafungwa. Maneno yake huyatoi tena, hata ukilewa. Nimeishi hivyo tangu walipomchukua, na sioni sababu ya kubadilika kwa ajili ya bwana mmoja mwenye dakika mbili.

Jambo lingine. Barua yako imetaja goti, maji, mabomu na foleni ya chai. Kitindamimba wako, Mrefu wetu, hukumtaja. Anaendeleaje? Chuo kimefunguliwa au bado?

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imekaa posta karibu mwezi mzima, na wakaguzi wamepaka wino mweusi pale ulipozungumzia treni. Bahati nzuri walipaka vibaya, nimeisoma kwa kuielekeza kwenye taa.

Mama mzima. Dirisha la jikoni limepasuka, tumeweka ubao. Mrefu mzima, amerefuka tena, suruali zote zimekuwa fupi.

Nimepeleka hapana yako kwa Dakika Mbili. Alicheka. Akasema usipokuja atamleta mwigizaji wa jukwaani, yule anayeigiza wagonjwa akawaliza watu, naye atasema maneno ya Mfalme hewani, na redio itatangaza kwamba ni wewe. Mabango yameshachapishwa. Juu ni picha ya Mfalme, chini yake maneno ya darajani, na chini kabisa ni anwani ya ofisi ya kujiandikisha jeshini. Moja limebandikwa hata mlangoni pa duka la mikate, unalisoma ukisubiri zamu yako.

Sikuombi kwa ajili ya Dakika Mbili. Huyo hata akimeza maikrofoni mimi sina hasara. Nasema tu, kama ni lazima yasemwe, bora ayaseme aliyeyasema. Au kuna kitu hunielezi? Umeandika ukurasa mzima juu ya maneno ya Mfalme bila kuyaandika yenyewe hata mara moja. Nilipomsomea mama aliniambia nizime redio. Redio haikuwa imewashwa, mjomba. Nyinyi wawili mnanificha nini?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii haipiti posta. Anakuletea gadi wa treni ya mizigo, mtu mnene mwenye mizaha mingi. Mpe chai na usicheke mizaha yake, la sivyo hataondoka. Isome peke yako kwanza. Kumsomea mama yako au kutomsomea nakuachia, wewe ndiye unayeishi naye.

Huku salama. Leo sina la kulalamikia, na najua hilo litakutia wasiwasi.

Nilipofika kwenye huyo mwigizaji niliiweka barua chini. Miaka yote hii nimefyata ulimi nikidhani nikinyamaza uongo utakosa sauti. Kumbe sauti inakodishwa. Basi sikiliza.

Mfalme hakumwambia mtu asimame darajani. Siku ile adui alikuwa ng'ambo ya mto na uwanja wote ulijaa watu. Alivaa koti lake la bustanini na alikuwa na mafua, akapenga kamasi mara mbili kabla hatujatoka kwenye roshani. Akaninong'oneza sentensi moja moja, nikamrudishia, akanigonga begani, nikazitoa. "Nimeshindwa mimi, hamkushindwa ninyi. Kesho nakwenda mwenyewe kwa adui. Rudini nyumbani. Mtu yeyote asife kwa ajili ya kiti changu." Hiyo ya mwisho ilinikwama. Akanigonga tena, kwa nguvu, kama anayebisha hodi. Nikaitoa. Ndiyo yote. Kesho yake akaenda kweli, kwa miguu, na hakurudi.

Watu wengi walirudi majumbani siku ile. Vijana hawakurudi wote. Wiki ile waliobaki walikufa darajani, na mmoja wao ni kaka yako, mtoto wa kwanza wa dada yangu, niliyemfundisha mimi kuendesha baiskeli. Wewe ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka watu wengi nyumbani na viti vya kuazima. Niliingia nikamkuta dada yangu katikati ya wanawake anasema, mwanangu alisimama kwa amri ya Mfalme. Wote wakanigeukia mimi. Ningesema nini? Kwamba mwanao aliambiwa arudi nyumbani akakataa? Nilikaa kimya. Neno lile likatoka mle ndani, likaenda mitaani, likaingia vitabuni, na mimi nikaona, acha, linamsaidia mama mmoja kulala.

Sasa limewekewa anwani ya ofisi ya jeshi. Hapo ndipo ninapokataa. Sisemi vijana wasiende. Adui ninamjua, mabomu anawaangushia nyinyi, mimi si mjinga. Lakini anayetaka kuwaita vijana vitani awaite kwa sauti yake mwenyewe. Asimtume marehemu, tena marehemu aliyesema kinyume.

Niko tayari kuja na kuyasema yaliyo kweli. Kinywa nitakifungua mara moja hiyo, na dhambi ya kuvunja sharti nitaibeba mwenyewe. Ila siji mpaka dada akubali. Nikisema hadharani, ni kama namzika mwanawe mara ya pili mbele ya nchi nzima. Kwa hiyo uamuzi si wa Dakika Mbili, si wako, si wangu.

Na suruali fupi si jibu. Nimeuliza juu ya Mrefu.

Mjomba wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Anayeandika ni binti yangu, anayesema ni mimi. Nimemkataza kuongeza na kupunguza. Ameshakasirika.

Hujambo? Mimi nina goti tu. Gadi wako tulimpa chai, akanywa birika zima, na mizaha yake mimi nimeipenda.

Binti yangu alikaa na barua yako siku kadhaa akinizungukazunguka, mpaka nikamwambia leta hiyo barua unisomee au hama. Akanisomea huku analia. Mimi sikulia. Ulidhani unanificha kitu, wewe? Nilikuwa uwanjani. Nilisimama karibu na bomba la maji, mwanangu yuko kando yangu, na nilikusikia kuliko wote kwa sababu sauti yako naijua tangu ukiwa unalilia uji. Ulisema rudini nyumbani. Nikamshika mkono nikamwambia umesikia, twende. Akauchomoa mkono wake. Akasema, mama tangulia. Basi nikatangulia, nikaenda kubandika sufuria.

Neno la darajani nililitunga mimi. Tulikuwa mama watatu, tunafua mashati yao, na mmoja akauliza, hivi walibaki kwa nini? Hakuna aliyejua. Mimi nikasema, Mfalme aliwaamuru. Tukashika hilo. Sikujua kwamba baadaye wanangu na watoto wa wengine watalisoma shuleni. Nilipokuona msibani umenyamaza nikajua umenisikia na umeniachia, na sijawahi kukushukuru. Asante.

Sasa nikuambie anachokuficha huyu anayeandika. Mrefu amejiandikisha. Alikwenda mwishoni mwa mwezi wa tatu, bango mkononi. Yuko kambini nyuma ya uwanja wa mpira na anasubiri kupelekwa. Nilimuuliza kwa nini, akanisomea bango. Mimi mwenyewe, bibi yake, nimekaa kwenye kiti ananisomea maneno niliyoyatunga mimi kwenye beseni la nguo.

Njoo uyaseme. Nimeamua. Nimelibeba neno hilo miaka mingi na mgongo wangu umechoka. Yule wa kwanza simjui alibaki kwa nini na nitakufa bila kujua. Huyu asiende kwa uongo wangu.

Dada yako

Mjomba, mimi hapa. Sikukuandikia kuhusu Mrefu kwa sababu nilidhani nisipoandika haijawa kweli. Nisamehe. Njoo.


29 Mei

Dada,

Nimepokea. Niliisoma kibandani nikasahau kutangaza treni mbili, watu wakapanda wasikojua, msimamizi wa stesheni hasemi nami tangu jana.

Nakuja. Binti yako amwambie mkurugenzi wake nimekubali, naye aandae karatasi yake anavyotaka. Asiseme zaidi ya hapo. Usipike kitu kigumu, meno yamepungua.

Mdogo wako


12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Gadi amesema ulifika salama na kwamba ulilala njia nzima na kofia usoni. Mama anaendelea vizuri. Tangu uondoke amelala usingizi wa mchana kila siku, kitu ambacho sijawahi kukiona.

Ulikuwa ndani ya kile chumba chenye magodoro ukutani, hukuona yaliyotokea upande wetu wa kioo, na ulipotoka tulikuhimiza uende stesheni kabla watu hawajapata akili ya kukukamata. Basi nikueleze. Dakika Mbili alitaka hewani moja kwa moja, ndiyo iliyomponza. Ulipoiweka karatasi yake chini alidhani umeihifadhi kichwani. Uliposema "Nimeshindwa mimi" alitabasamu, akadhani ni utangulizi wako. Kwenye "Rudini nyumbani" akaruka kwenda kwenye swichi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha mbele ya swichi, mjomba, na sikuinuka. Alinivuta kwa koti mpaka kifungo kikakatika. Fundi mitambo akageuka akawa anakagua waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Ulipomaliza ile sentensi ya kiti cha Mfalme, nikainuka mwenyewe nikampisha. Wakapiga muziki wa jeshi na kuomba radhi kwa hitilafu ya mitambo.

Kazi nimefukuzwa, bila shaka. Nilitarajia, na nimelala vizuri. Mabango bado yapo, lakini lile la duka la mikate mtu amekata sehemu ya maneno kwa wembe, imebaki picha na anwani. Mama wawili wazee wamekuja kumwona mama. Walijifungia chumbani. Sikusikia kitu, na sikusikiliza mlangoni zaidi ya kidogo.

Sasa, Mrefu. Walisikiliza kambini, redio yao imefungwa kwenye mti na hakuna wa kuizima. Jana waliniruhusu kumwona kupitia uzio. Nilimwambia umesikia mwenyewe, rudi nyumbani. Akasema, mama, nafikiri. Nafikiri tu. Hawajala kiapo bado, watakula wakifika mpakani, kwa hiyo kabla ya hapo anaweza kushuka bila kuitwa mtoro. Wanaondoka Alhamisi ijayo na treni yao itapita kwako, itasimama kuchukua maji.

Nakuomba kitu kimoja na usinijibu kwa masharti yako. Sauti ile unayo. Imewarudisha maelfu nyumbani. Treni ikisimama, shika kipaza sauti, uwe Mfalme kwa sentensi moja, umwamuru mwanangu ashuke. Atatii. Amekua akisimuliwa juu ya sauti hiyo. Gadi atakuwa pale na treni ya mizigo kumrudisha. Nimeshapoteza kaka. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nianze na jambo lenyewe, salamu zitafuata, maana najua utaruka mistari mpaka ulione. Nilizungumza naye. Hakushuka.

Treni ilisimama mchana. Nilishika kipaza sauti, na nilifikiria ombi lako, sikufichi. Koo lilikuwa tayari. Ningemwamuru angeshuka, mimi nawe tunajua. Lakini kilichonipeleka studio ni kwamba marehemu asitumwe kuwapeleka watoto. Nikimtuma mimi kuwarudisha, nina tofauti gani na Dakika Mbili? Kwa hiyo niliita kwa sauti yangu ya kila siku, na mafua ya kipaza sauti juu yake. Nilisema, mjukuu wa dada yangu, yule mrefu kuliko wote, shuka uje umsalimie babu yako. Behewa zima likacheka. Akashuka.

Tulikaa kwenye benchi la nyuma ya kibanda. Nilikuwa nimenunua mkate na mayai ya kuchemsha, akala yote na ya kwangu. Nikamwambia mama yako anataka urudi. Nikamwambia mimi pia nataka urudi, sana, na gadi yule pale, na hakuna atakayekucheka. Nikashindwa kumaliza, machozi yakanitoka, akanipa kitambaa chake. Kisha akaniuliza kama Mfalme kweli alisema vile. Nikasema kweli, niliyatoa mimi. Akauliza kama ningeweza kumwamuru ashuke kwa sauti ile. Nikasema ningeweza, na sitaki. Nikamuuliza mimi, kama bango ni uongo, unakwenda kwa nini?

Alipangusa makombo magotini. Halafu akasema hivi, nami nimeandika sikuongeza wala kupunguza: "Babu, nilijiandikisha kwa sababu ya bango, na usiku ule baada ya kukusikia niliona aibu. Nikafunga mkoba. Halafu nikafikiri, bomu likianguka kwetu bibi hawezi kukimbia na lile goti. Naenda kwa sababu ya goti la bibi. Hakuna aliyeniamuru. Mwambie mama nikichoka nitarudi kwa miguu yangu, na nisiporudi, sababu ni hiyo."

Nilibishana naye. Usidhani sikubishana. Nilimwita mjinga, nilimshika mkono kama dada alivyomshika kaka yako, naye hakuuchomoa, aliuacha mkononi mwangu mpaka filimbi ilipopigwa. Kisha nikaenda kibandani, nikawasha kipaza sauti, nikatangaza treni yake. Ilibidi, ndiyo kazi yangu.

Utanikasirikia na una haki. Kasirika, nitakusubiri. Ila kaka yako alipobaki hakuna aliyemuuliza, na mama yako ikabidi amtungie sababu kwenye beseni la nguo. Huyu nimemuuliza, na jibu lake liko hapo juu kwa maneno yake. Mpe dada alisikie. Muombee arudi, nami namwombea kila inapoingia treni kutoka huko. Lakini lolote litakalotokea, kwa huyu hatutatunga.

Mjomba wako